Moto Katika Nyumba ya Mkwe

Siku kikosi cha Watungri kilipohama ngome ya Kalidubra, mimi ndiye niliyewauzia wake zao pombe ya kuzimia majiko, na mpaka leo kuna watu wanasema nililia huku nimekinga mkono nipokee fedha. Ni kweli. Kwani mtu hawezi kulia huku amekinga mkono?

Naitwa Brica. Kilabu changu ndicho cha kwanza ukitoka lango la kusini la ngome, penye benchi lililokaliwa na askari mpaka likabonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Kila neno linalotoka ngomeni hupita kwangu kabla halijamfikia mwenyewe. Kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Niliyaona, na mengine niliyasababisha.

Huku kwetu askari haruhusiwi kuoa. Ndiyo amri ya Kaisari, na Kaisari yuko mbali, hajawahi kulala kwenye baridi ya hapa. Basi mtaani tukajitungia yetu. Mwanamke akiingia nyumba aliyojenga askari, akawasha jiko kwa mkono wake, majirani wakashuhudia na Kina Mama Watatu, miungu wetu wa jiko na uzazi, wakatazama kutoka kwenye kijidirisha chao ukutani, huyo ni mke. Aliyewasha ndiye mke, hakuna mjadala. Na siku akihama, huchota makaa kwenye chungu aende nayo, kisha mafiga yanayobaki huyamwagia pombe. Jiko lililomwagiwa pombe ni nyumba iliyokwisha kuagwa. Akija mwanamke mwingine akaliwasha, keshaolewa na mwenye nyumba hiyo, apende asipende, na mwanamume naye apende asipende. Kwa ajili hiyo wanawake wa mtaa wetu hawagusi jiko la jirani hata kuchochea. Ukikuta sufuria ya mwenzio inaungua, unapiga kelele nje.

Wa mwisho kuzima siku ile alikuwa Vinna, binti wa Senovara. Tumbo lake lilikuwa linamtangulia mlangoni. Mumewe, Vatto, alikwisha kupanga mstari na wenzake barabarani, na baragumu lilikuwa limelia mara ya pili. Vinna akainamisha jagi, jiko likafoka, mvuke ukamjaa usoni, naye akaanza kulia.

"Mama, twende nasi."

"Siendi," Senovara alisema.

"Baba anakwenda!"

"Baba yako analipwa kwenda. Mimi nani ananilipa? Kule mtoni nilizima jiko, nikafuata baragumu. Kule pwani nikazima, nikafuata. Kila nikigeuka nyuma naona watu wanang'oa mlango wangu. Hapa sizimi tena. Mimi si konokono, nibebe nyumba mgongoni."

Akamshika mwanawe mashavu kwa mikono yake miwili, ile mikono mikavu ya mtu anayefuma sufu toka utotoni.

"Nenda na mumeo. Lakini huko kaskazini kukikushinda, rudi. Siku yoyote. Nyumba hii utaikuta."

Gamidio, mume wa Senovara, mwanamume mwenye pua kama jembe, alisimama mlangoni akitazama zizini. Mwisho akasema, "Basi kondoo yule mweusi ana kikohozi." Senovara akasema, "Najua." Ndivyo walivyoagana watu hao, baada ya maisha yote.

Wakaondoka. Kwa desturi yao waliichoma ngome kabla ya kuipa kisogo, mabweni yote, wasiwaachie adui paa la kulalia. Moshi ukatanda siku nzima. Ulipokwisha, tukajikuta tumebaki sisi mabaki: mimi, Senovara, mzee Docca fundi viatu aliyeacha mguu wake mmoja kwenye utumishi, Lossia muuza soseji, na wengine wachache ambao ama walikuwa wazee mno ama wakaidi mno. Mtaa mzima mrefu, nyumba zimejipanga pande mbili za barabara kama meno, na moshi ukitoka kwenye mapaa ya kuhesabika.

Mimi kimya siwezi. Kilabu bila watu ni kaburi lenye benchi. Nikawa nawaita hao mabaki wote waje kwangu kila jioni, hata kama hawanunui.

Ndipo Docca akatuambia. Aliweka gongo lake mezani, akanywa, akasema, "Mnajua Wahispania, hao askari wanaoletwa kushika ngome baada ya Watungri, wakija watakuta ngome haina hata boriti moja."

"Watakata miti," nikasema.

"Miti ipi? Wewe umeona mti hapa? Imekwisha katwa yote toka enzi za babu. Nitawaambia watakavyofanya, maana sisi wenyewe ndivyo tulivyofanya tulipofika. Mpimaji anapanda kilimani asubuhi, anatazama mtaa. Penye moshi pana mtu, anapaacha. Pasipo moshi ni mali ya ngome, ardhi yote ni ya ngome. Wanashusha paa, wanachukua boriti, milango, kila kitu. Jua likizama panabaki mafiga tu."

Senovara alikuwa akisokota uzi kama kawaida yake, kile kijiti kinazunguka, kinazunguka. Kikasimama.

"Moshi tu?" akauliza. "Anatazama moshi?"

"Moshi tu. Nani ana muda wa kugonga milango?"

"Basi tutawasha."

Lossia akacheka. Lossia ni mwanamke wa haki na desturi, anajua nani alimwamkia nani na nani hakumwamkia nani toka mwaka wa njaa. "Utawasha nini, bibi wee?"

"Majiko. Yote."

"Ya waume za watu?"

"Ya nyumba za watu."

"Senovara, shoga yangu, sikiliza." Lossia akaacha kucheka. "Jiko limemwagiwa pombe. Ukiliwasha umeolewa. Utaolewa na mtaa mzima? Na pale kwa Vinna je? Utaingia nyumba ya mkwe wako uwashe jiko lake? Mkwe wako! Ambaye ukikutana naye kisimani unageuza uso kwa heshima?"

Mimi, Kina Mama wanisamehe, niliinama ili nisikie vizuri zaidi.

"Nilimwambia mwanangu nyumba ataikuta," Senovara alisema.

"Ataikuta na mama yake ndani yake ni mke mwenza!"

Docca akapaliwa na pombe ikamtokea puani. Nilimpigapiga mgongoni huku na mimi nimeuma midomo. Senovara hakucheka wala hakununa. Aliinuka, akaukunja uzi wake, akaniambia, "Brica, nipe kaa moja."

"Shoga, fikiri."

"Nimefikiri. Nipe kaa."

Nikamchotea kwenye chungu. Tukamfuata wote, mvua inaanza. Alipofika kwenye mlango wa Vatto alisimama kidogo, nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Akavuta shela kichwani mpaka machoni, kama tunavyofanya mbele ya wakwe, akaingia. Pale ukutani Kina Mama Watatu wamekaa na vikapu vyao vya mikate mapajani, wanatazama.

"Kina Mama," akasema, "mlinizalisha huyu mtoto mnajua kwa tabu gani. Siolewi mimi. Nashikia tu mpaka mwenyewe arudi. Kama kuna dhambi iandikwe kwangu, mtoto msimguse."

Akapuliza. Jiko lile lilikuwa limelowa pombe, likafuka moshi mwingi wa uchachu, likatutoa wote nje machozi yakitutoka. Baadaye kidogo paa la Vatto likaanza kutoa moshi. Lossia aliondoka bila kuaga.

Mtu angedhani ameishia hapo. Kesho yake asubuhi namwona Senovara anatoka nyumba ya pili, kesho kutwa ya tatu. Hakuokoa ya mwanawe tu. Nilipomuuliza, akasema, "Vinna akirudi ataishi na nani? Na kondoo?"

Kazi kubwa haikuwa kuwasha. Kazi ilikuwa kuni. Huku kwetu tunachoma mabonge ya udongo wa kinamasi, ule mweusi unaokatwa kama mkate na kukaushwa upepo, unaowaka polepole kama chuki ya wifi. Kinamasi kiko nyuma ya kilima. Senovara alikwenda huko na kikapu mgongoni, nyonga yake mbovu, akarudi anachechemea, akaenda tena. Nikamtazama kutoka kwenye benchi langu mpaka nikaona haya, na mimi haya si kitu kinachonijia mara kwa mara.

Nikamtoa punda wangu. "Nabeba tu," nikamwambia. "Siwashi. Tuelewane. Mimi jina langu bado nalipenda."

"Jina gani ulilonalo, Brica?"

"Hilo hilo dogo."

Docca naye akaja, akakaa kwenye kigoda kati ya nyumba na nyumba, akiyapanga mabonge na kutoa amri kama akida. Wengine wakajitokeza mmoja mmoja, wengi kwa udadisi kwanza. Wote walibeba. Hakuna aliyewasha. Kuwasha kulibaki kwa Senovara peke yake, naye alizunguka asubuhi na jioni, nyumba hadi nyumba, shela machoni, kila mahali akiwaambia Kina Mama yale yale: siolewi, nashikia. Mtaa ukampa jina. Tulimwita Mke wa Kikosi. Aliitikia.

"Mke wa Kikosi, waume zako hawajambo?"

"Wanakula sana."

Lossia pekee alikaa kwenye kibanda chake akikata nyama kwa hasira, akisema kwa kila apitaye kwamba balaa linakuja. Ila kila jioni Senovara alipopita pale alikuta soseji mbili kwenye jani, juu ya ukuta, na hakuna mtu. Siku moja nikamwambia Lossia nimeziona. Akasema ni za mbwa. Mtaani kwetu hakukuwa na mbwa. Walikwenda wote na Watungri.

Wahispania wakaja majani yalipokuwa yameshaoza. Kwanza wachache tu, kuandaa mahali, wakiongozwa na akida aitwaye Celsinus, mtu mfupi, mkavu, mwenye macho ya mnunuzi wa farasi. Asubuhi akapanda kilimani kama Docca alivyosema. Akakaa huko muda. Akashuka akaja moja kwa moja kilabuni kwangu, akakaa kwenye ule mbonyeo wa benchi.

"Mama," akasema, "mtaa wenu una moshi mwingi."

"Baridi, akida. Utaizoea."

"Kila paa lina moshi. Nimefurahi sana. Nikajiambia, mji huu una watu." Akanywa, akafuta mdomo. "Halafu nimetembea kutoka mwanzo hadi mwisho nimekutana na wanawake wanne, mzee wa mguu mmoja, na kondoo anayekohoa."

"Watu wetu wapole. Wanakaa ndani."

"Eeh. Wapole." Akasimama. "Vijana wangu wanalala kwenye majivu, mama. Mvua inawanyeshea kama ng'ombe. Nahitaji boriti na nitazipata. Lakini mimi si mwizi. Nyumba ya mtu siigusi. Kesho asubuhi kila mwenye moto asimame mlangoni pake. Mtu mmoja, mlango mmoja. Nitapita nimuulize. Pasipo mtu, ni pa ngome."

Nikakimbia. Mimi na umbo langu hili, nilikimbia barabarani mchana kweupe mpaka kwa Senovara. Alikuwa kwake, mbele ya kitanda chake cha kufumia, shuka ya harusi ya Vinna bado haijaisha. Nikamweleza huku nahema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akalitazama jiko lake. Nyumba ile aliijenga Gamidio kwa mikono yake, mlango umepinda kwa sababu Gamidio ni Gamidio, na Senovara kwa maisha yake yote hakuwahi kukaa mahali muda mrefu kama alivyokaa pale.

"Mtu mmoja, mlango mmoja," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mimi nitasimama kwa Vinna."

"Na hapa?"

Akaanza kukifungua kitanda cha kufumia, kijiti kimoja kimoja, anavipanga sakafuni. "Nisaidie kubeba hivi viende kwako. Hivi vikilowa havifai tena."

"Senovara. Utaulizwa mbele ya watu moto ni wa nani. Kuwasha ulisema unashikia. Sasa itabidi useme ni wako. Ndani ya nyumba ya mkwe wako."

"Nimesikia, Brica. Shika huo upande."

Nikashika. Vile vijiti vilikuwa vyepesi, lakini nilivyovibeba kwenda kwangu niliona mikono inataka kukatika. Nikavitua kilabuni, nikakaa, nikatazama paa langu. Boriti za mwaloni, za kweli, bora kuliko zote mtaani. Aliziiba mume wangu wa kwanza kwenye daraja, Mungu wake amrehemu. Nikawatazama wale Wahispania waliokuwa wamejaa ndani, wamelowa chepechepe, wanakaushia soksi kwenye jiko langu na kuimba vibaya. Mmoja alikuwa anambusu mtungi. Nikawaza. Mimi sikusoma popote, nimesomeshwa na walevi, na walevi hufundisha jambo moja vizuri sana: kitu gani mtu hawezi kukiacha.

Nikatoka nikaenda kwa Docca, kisha nikameza mate, nikaenda kwa Lossia.

"Sitaki kusikia," Lossia akasema kabla sijafungua mdomo.

"Kibanda chako kina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe, mimi hapa, huoni?"

"Kesho usiwepo."

Nikamweleza. Alikaa na kisu chake mkononi. "Unataka nikasimame kwenye mlango wa mwanamume wa watu, niseme moto ni wangu. Mimi. Lossia."

"Ndiyo."

"Wa nani?"

"Chagua unayempenda."

Nilijikinga, maana nilijua atanirushia kitu. Alinirushia soseji.

Asubuhi ikaja na mvua ya kulala, ile inayokwenda upande. Mtaa mzima ukafuka. Celsinus akaanza kwenye mwisho wa barabara, nyuma yake vijana na mashoka na kamba. Pale mwisho hatukuwa na watu wa kutosha, siwezi kuwadanganya. Nyumba ya kwanza, hakuna mtu. Akaonyesha kidole. Ya pili hivyo hivyo. Tukasikia paa la kwanza linashuka, mlio wa mtu mkubwa anayekaa chini kwa kuchoka.

Akafika kwa Vatto. Senovara amesimama kizingitini, maji yanamtiririka, na shela, nikaona, ameirudisha nyuma, uso wazi.

"Moto huu wa nani?"

"Wangu."

"Na mwenye nyumba?"

"Vatto, wa Watungri."

"Ni nani wako?"

Wale vijana walikuwa wamekwisha ambiwa desturi yetu kilabuni. Nani aliwaambia msiniulize.

"Mkwe wangu," alisema Senovara kwa sauti ya kuuza samaki, barabara yote isikie. "Kamwoa binti yangu. Jiko lake nimeliwasha mimi, kwa mkono huu, na kila asubuhi nalikoleza mimi. Andika uwezavyo, cheka uwezavyo. Mlango huu una mtu."

Kijana mmoja akakohoa kicheko. Celsinus akamgeukia, kicheko kikafa. Nadhani hata kwao Hispania mama mkwe ni mama mkwe.

"Una mtu," akasema, akapita.

Nyumba iliyofuata ni ya Senovara mwenyewe. Alikuwa amekwisha igeuzia mgongo asione. Akasikia akida anauliza, "Moto huu wa nani?" na akasikia sauti yangu ikijibu, "Wangu."

Aligeuka kwa kasi iliyomuumiza ile nyonga. "Brica!"

"Nyamaza, mke mwenza," nikamwambia.

Celsinus akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili zangu za mbao. "Wewe si wa kilabu?"

"Mtu mmoja, mlango mmoja, akida. Mimi nimesimama hapa. Mimi ni wa Gamidio, mwenye pua. Kina Mama ni mashahidi."

"Na kilabu ni cha nani?"

"Sijui. Katazame kama pana mtu mlangoni."

Akaenda, na sisi tukamfuata kwa macho. Njiani akapita kibanda cha soseji, hakina mtu, maana Lossia alikuwa ng'ambo, kwenye mlango wa mpiga baragumu wa Watungri, mwanamume mzuri kuliko wote waliopata kupita hapa, na yeye Lossia amesimama mwekundu kama nyama yake. Akapita kwa fundi viatu, hakuna mtu. Docca alikuwa kwenye nyumba ya jirani, ameegemea gongo, akiitwa mke na vijana wa Hispania na kuwajibu kwa matusi ya kikosi ambayo siwezi kuyarudia. Akafika kwenye kilabu. Mlango wazi, joto linatoka, harufu ya shayiri, na hakuna mtu.

Alisimama pale muda mrefu. Zile boriti zilikuwa zinaonekana wazi kutoka barabarani, nene, kavu. Zingetosha bweni zima.

"Hii haina mtu," akasema.

Vijana hawakuinua mashoka. Walitazama viatu vyao vilivyopasuka, wakamtazama yeye, wakalitazama lile benchi.

"Ingia uone kama kuna moto," akamwambia mmoja.

Yule kijana akaingia. Alikawia. Akatoka na povu kwenye masharubu. "Upo, akida. Mzuri sana."

Celsinus akageuka, akatutazama sote tulivyotapakaa mtaani kwenye milango isiyo yetu, tumelowa kama kuku. Akakuna shingo.

"Nilisema pasipo mtu ni pa ngome," akasema. "Basi kilabu ni cha ngome. Kibanda cha nyama ni cha ngome. Cha viatu ni cha ngome. Na ngome haibomoi kilicho chake." Akanijia karibu, akateremsha sauti. "Wewe mama utakikalia kwa ruhusa yangu. Kila siku ya soko mtungi mmoja, wa ile nzuri, si hii unayowauzia hawa."

"Ile nzuri ni hiyo hiyo, akida."

"Mitungi miwili."

Nikafunga mdomo. Mjue ni mara chache.

Mwisho wa barabara walibomoa, na pengo lile lipo mpaka sasa, tunalima kabichi hapo. Ila kuanzia kwa Vatto kurudi langoni mtaa ulisimama. Senovara hakuhamisha kitu, wala hakupumzika. Siku ile ile alikwenda kinamasini, maana, alisema, mtu kasimama mlangoni lakini jiko halijui hilo.

Theluji ilikuwa imeanza kugusa vilele siku Vinna aliporudi. Gari moja la ng'ombe, wanawake wawili watatu, na yeye juu ya magunia na kitoto kimefungwa kifuani kama mkate wa moto. Huko kaskazini, alisema, hakuna mtaa, kuna matope na mahema, na akida wao kaamuru wanawake warudi walikotoka. Mume wake mzima. Gamidio mzima, anauliza habari za kondoo.

Senovara alikuwa barabarani kabla gari halijasimama. Vinna akamwonyesha chungu cha makaa alichotoka nacho hapa. Ndani mlikuwa na majivu na maji.

"Kilizima, mama. Nilikifunika na nguo yangu, kikazima tu."

"Moto upo," Senovara akasema. "Nipe mtoto."

Tukaenda wote mpaka mlangoni, hata Lossia, na wale Wahispania waliokuwa benchini wakaja na vikombe vyao, maana mtaani kwetu hakuna jambo la mtu mmoja. Senovara hakuingia. Alivuta shela yake mpaka machoni, akageuza uso pembeni kwa heshima, kwa sababu ile sasa ilikuwa tena nyumba ya mkwe.

"Uzime kwanza," akamwambia binti yake. "Uzime, uwashe upya wewe, ili uwe wako."

Vinna akatazama huku na huku. Hakuwa na cha kumwagia.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikakinga mkono kwa mazoea, nikauona umekingwa, nikaurudisha. Nikaenda ndani kuleta jagi.